Kambi Isiyo na Mbwa

Upepo ulianza asubuhi na haukutaka kutulia. Ulitikisa vichwa vya misonobari, ukanyamaza kidogo kana kwamba unasikiliza kitu, kisha ukarudi na vumbi. Mpelelezi Verna Castleberry wa ofisi ya sherifu alishuka garini huku ameshikilia kofia yake, akainusa hewa. Ulikuwepo moshi. Ulitoka mbali, lakini ulikuwepo.

"Saa kumi na mbili jioni msitu unafungwa kwa hofu ya moto," alisema Thurman Begaye, askari wa msitu, akiwa bado amekaa kwenye usukani wa gari lake. "Amri imeshasainiwa. Mwenye hema, mwenye trela, mwenye basi, hata anayelala chini ya turubai, wote wanatoka. Mashahidi wako, Verna, kesho asubuhi watakuwa wametawanyika majimbo matatu."

"Sasa unanipigia hotuba au unashuka?"

"Nashuka, nashuka. Magoti haya."

Mtu wa tatu alikuwa ameshateremka kwenye pikapu yake ya kijivu. Jana ofisini alijitambulisha kwa jina la Roy Dunleavy, kaka yake Joyce Pickard, mwanamke waliyekuja kumtafuta. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi, sauti ya taratibu. Alisema hajaonana na dada yake kwa miaka minne, tangu dada huyo alipouza kila kitu na kuhamia kwenye van, gari lenye kitanda ndani, ila kila Jumapili walipigiana simu. Jumapili iliyopita simu haikupokelewa. Verna alikuwa amemruhusu aje kutambua vitu vya dada yake, basi.

"Moses!" Roy aliita kuelekea mitini, akapiga mluzi mrefu. "Moses! Njoo, kijana!"

Hakikuja kitu ila upepo.

"Mbwa wake," aliwaeleza, kama anayeomba radhi. "Hawaachani hao wawili."

Van nyeupe ilikuwa imeegeshwa hatua chache tu kutoka barabara kuu ya msitu, mahali ambapo kila mpita njia angeiona. Kiti cha kukunja kilikuwa mbele yake, meza ndogo, kikombe cha bati, jiko la gesi. Paneli ya sola ilikuwa imeegemezwa kwenye shina la msonobari. Duara la mawe la kuwashia moto lilikuwa limejaa majivu.

Roy alikiokota kikombe, akakigeuza mkononi. "Hiki kilikuwa cha mama yetu," alisema polepole. "Ni chake. Mungu wangu. Ni chake."

"Kirudishe mezani, tafadhali," Verna alimwambia. "Na usiguse kingine."

"Samahani, afande. Samahani sana."

Verna aliingia ndani ya van. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nguo chache, vitabu, maji ya kutosha. Hakukuwa na damu wala kilichovunjwa. Mkoba ulikuwa haupo, simu haipo, bakuli la mbwa halipo. Alitoka, akalizunguka gari mara mbili, kisha akapiga magoti na kuchungulia uvunguni. Alikaa pale muda mrefu mpaka Thurman akaja kuinama kando yake.

"Umepata nini? Nyoka?"

"Nyasi."

"Msituni kuna nyasi? Ngoja niwaarifu wakubwa zangu."

"Zitazame. Ni za kijani, zimesimama. Ulisema wenyeji wa hapa wanadai van imekaa wiki nzima. Gari likikaa wiki nzima juu ya nyasi, chini yake panakuwa pa manjano kama mabua. Hizi zimefunikwa jana au juzi."

Thurman aliacha kutabasamu.

"Na paneli," Verna aliendelea, akiinuka na kujikung'uta. "Mtu anayetegemea jua kwa taa na simu yake, anaiegemeza kaskazini mwa mti, upande wa kivuli? Pale haipati jua tangu asubuhi mpaka usiku. Aliyeiweka alijua tu kwamba kambi inatakiwa kuwa na paneli. Haya, majivu." Alichukua kijiti, akayadunga. Yalipasuka vipande vipande kama ukoko wa wali. "Haya yamenyeshewa yakakauka. Mvua ya mwisho ilinyesha lini?"

"Mwezi wa tano mwishoni. Na tangu hapo moto ni marufuku msitu mzima. Halafu Joyce ninayemjua mimi hawashi moto. Mwezi uliopita alinipigia simu kuwashtaki vijana waliokuwa wanachoma soseji huko bondeni. Alikuwa amefura kweli."

"Mara ya mwisho ulimkuta wapi?"

"Mbele zaidi ya hapa, lakini hiyo si hoja. Hawa watu ndivyo wanavyoishi. Hakuna choo, hakuna bomba, hakuna wa kukutoza. Unachagua mti wako, unakaa wiki mbili, kisha unang'oa na kwenda kuchagua mwingine."

Verna alirudi kwenye magurudumu. Kwenye mifereji ya tairi kulikuwa na vijiwe vidogo, vyekundu, vyepesi, vyenye matundu kama mkate. Alikitoa kimoja kwa ncha ya ufunguo. Ardhi waliyosimama juu yake ilikuwa ya chokaa, nyeupe kama unga.

"Hivi vinatoka wapi?" aliuliza.

"Machimbo ya zamani, mashariki. Kule kuna kilima cha volkano, njia nzima ni nyekundu. Siku hizi hakuna anayepita."

Roy alikuwa amesimama karibu na meza, mikono nyuma, kama mtu aliye msibani. Verna alimwambia ateremke mpaka kwenye kituo cha msitu, kwenye lami, akawasubiri huko. Aliitikia vizuri tu. Akawashukuru wote wawili kwa majina, akaondoa pikapu yake taratibu ili asiwatimulie vumbi.

*

Jirani wa kwanza alikuwa Tansy Wojcik. Aliishi kwenye basi la shule alilolipaka rangi ya samawati, na walimkuta juu ya paa lake akifunga baiskeli kwa kamba.

"Naondoka, naondoka!" alipiga kelele kabla hawajafungua mdomo. "Mwambieni mkubwa wenu nimesikia!"

"Shuka kwanza, dada," alisema Verna. "Nataka kukuuliza kuhusu Joyce."

Tansy alishuka, lakini polepole, akichagua kila ngazi. "Joyce? Si yuko kambini kwake?"

"Hayuko. Ulimwona lini?"

"Jumapili. Alikuwa anaota moto."

"Moto."

"Moto mdogo."

"Joyce, anayewashtaki wenzake kwa ajili ya moto?"

Tansy alimtazama Thurman, akatazama kamba mkononi mwake. "Labda ilikuwa taa. Mimi sikukaribia."

"Na mbwa alikuwepo?"

"Moses? Moses yuko kila alipo Joyce. Tangu alipomwokota jangwani msimu wa baridi uliopita, alikuwa kitoto kinaingia ndani ya kofia, hajawahi kumwacha hata..." Akamgeukia Verna. "Mnamuulizia Joyce wa nini? Ana kosa gani?"

"Ameripotiwa kupotea."

Verna alikuwa amehoji watu wengi walioambiwa jirani yao amepotea. Wapo wanaoziba mdomo kwa mkono, wapo wanaouliza maswali kumi kwa pamoja. Tansy hakufanya chochote kati ya hayo. Alianza kuifungua kamba aliyokwisha kuifunga.

"Muulize Lamar," alisema hatimaye. "Mimi nina basi la kufunga."

*

Lamar Fitch alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mrefu, mweusi, ndevu nyeupe. Trela lake lilikuwa kuukuu lakini limefagiliwa mpaka nje ya mlango. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, anamenya yai la kuchemsha, na hakuinuka.

"Karibuni. Mayai yapo, chumvi imekwisha."

"Mzee Lamar," Verna alianza, "unasemaje kuhusu van ya Joyce?"

"Nasema ni nzuri. Injini inakunywa mafuta kidogo."

"Imekaa pale tangu lini?"

"Wiki hivi."

"Mkononi ulipatwa na nini?"

Mikwaruzo mirefu ilikuwa imeuchora mkono wake wa kulia, tangu kiwiko mpaka kwenye kifundo. Lamar aliitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Miti ya mireteni. Nilikuwa nakata matawi."

"Hapa hakuna mireteni. Hapa ni misonobari mitupu. Mireteni iko kule kwenye ardhi nyekundu, au sivyo, Thurman?"

"Ndivyo," alisema Thurman kwa sauti ndogo.

Chini ya ngazi, nyuma ya miguu ya Lamar, Verna aliliona bakuli la mbwa, la bluu, na pembeni yake mfuko wa chakula cha mbwa uliofunguliwa.

"Wewe una mbwa?"

"Nina mpango wa kufuga."

"Lamar, sikiliza." Verna alisogea, akasimama mbele yake, jua likiwa mgongoni mwake. "Van imehamishwa. Aliyeihamisha aliitoa upande wa machimbo, akaileta barabarani ionekane, akapanga kiti na kikombe kama dukani. Majivu ni ya mwezi wa tano. Wewe na Tansy mnasimulia hadithi moja, na yenyewe ni mbovu. Una bakuli la mbwa wake na una mikwaruzo. Leo jioni msitu unafungwa na wewe unaondoka. Mimi nikikuacha uondoke ni mjinga. Umemzika wapi?"

Yai lilimponyoka Lamar, likabingirika vumbini.

"Nimemzika? Afande, mimi nina magoti ya kupandia ngazi tatu. Unaniona nachimba kaburi?"

"Sijacheka."

"Na mimi sikukusudia uchekeshwe." Akamtazama Thurman, kisha akamrudia Verna, na sauti yake ikabadilika. "Niambie kitu kimoja. Nani kawaambia kapotea?"

"Ninayeuliza ni mimi."

"Nijibu hilo tu, halafu nifunge pingu ukitaka. Nani?"

"Kaka yake."

Lamar aliinuka. Aliinuka haraka kuliko mtu mwenye magoti mabovu, na Verna akapeleka mkono kiunoni.

"Yukoje? Ana shati la pasi? Anasema samahani kila baada ya neno? Mama, yule mwanamke alizaliwa peke yake. Hana kaka, hana dada. Yule ni mumewe. Alikuwa mumewe, mpaka mahakama ya Oregon ikamwambia asimsogelee. Jumamosi Joyce alimwona kituo cha mafuta mjini. Alirudi hapa mbio. Tukamficha kule machimboni kwenye hema langu la kuwindia; chakula chake na cha mbwa nampelekea mimi. Van anaijua, ndiyo tukaileta barabarani, mimi na Tansy. Tulijua akiiona ataivizia, na akiivizia hamtafuti kwingine. Tulitaka siku mbili tatu tu, mpaka dunia itulie."

"Kwa nini hamkuja kwetu?"

"Mara ya mwisho alikwenda polisi. Walimsikiliza vizuri, wakaandika kila kitu, pamoja na anakoishi. Karatasi zikafika kwa wakili wa mume. Wiki hiyo hiyo jamaa alikuwa mlangoni, na maua."

Verna alikuwa akisikia tena mluzi mrefu wa asubuhi, na jina likiitwa kuelekea mitini. Mbwa aliokotwa jangwani msimu wa baridi uliopita. Mtu ambaye hajaonana na dada yake kwa miaka minne angewezaje kumwita mbwa huyo kwa jina? Labda kwa simu. Lakini kama Joyce hana kaka, hakukuwa na simu za Jumapili. Kulikuwa na mtu aliyemtazama kwa mbali, miezi mingi, na kusikia akimwita mbwa wake.

"Thurman. Pigia kituo. Uliza kama pikapu ya kijivu imefika."

Thurman alizungumza kwa redio. Sauti ilikwaruza, ikajibu. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umekwajuka.

"Hakuna aliyefika."

"Alikuwa amesimama pale mezani," Verna alisema. "Nilipokuuliza vile vijiwe vinatoka wapi, na wewe ukanijibu. Nimemwonyesha njia mwenyewe."

*

Barabara ilikuwa na watu sasa. Matrela yalikuwa yanatoka moja baada ya jingine, vumbi limesimama kama ukuta, na Verna alipita pembeni kwa pembeni, magurudumu mawili njiani na mawili kwenye mawe. Thurman aliongoza mbele. Lamar alikuwa amekaa kiti cha nyuma bila kuombwa, anashika mlango kwa mikono yote miwili.

"Kata kushoto kwenye mti uliopigwa na radi," alisema. "Kushoto, mama, kushoto!"

Kwenye redio, Estelle wa ofisini alikuwa amepata namba za pikapu. "Verna, hilo gari si la Roy Dunleavy yeyote. Ni la Curtis Amsler. Ana amri ya mahakama, Oregon, haruhusiwi kumkaribia Joyce Pickard, aliyewahi kuwa Joyce Amsler. Bado ina nguvu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Ardhi iligeuka nyekundu. Kwenye mwisho wa njia palikuwa na lango la chuma lililofungwa kwa mnyororo, na mbele yake pikapu ya kijivu, mlango wazi, hamna mtu. Verna alizima injini. Kwa muda hakusikia kitu ila upepo kwenye mireteni. Kisha akausikia mluzi.

"Moses! Moses, kijana!"

Sauti ilikuwa ile ile ya taratibu. Verna alimwashiria Thurman azungukie kulia, akamwambia Lamar abaki garini, naye akaruka lango. Alimkuta kwenye mteremko wa vijiwe vyekundu, anatembea polepole kama anayefanya matembezi ya jioni, chupa ya maji mkono mmoja, kamba mpya ya mbwa mkono mwingine, bado ina karatasi ya dukani.

"Afande!" alisema kwa furaha. "Nilifikiri niwasaidie. Mbwa akisikia sauti yangu atakuja, na dada yangu hawezi kuwa mbali na mbwa."

"Kituo kiko upande wa pili, Bwana Dunleavy."

"Nilipotea. Samahani sana."

"Mbwa huyu alikufahamu lini?"

"Zamani. Tumezoeana."

"Hujaonana na dada yako miaka minne. Mbwa hana hata mwaka mmoja."

Alitabasamu, na tabasamu likakaa pale pale bila kwenda popote. "Alinisimulia kwa simu. Afande, mnaelewa hali yake? Hayuko sawa. Anaishi kama mnyama, anasikiliza watu wa ovyo. Mke wangu anahitaji mtu wa..."

Alisikia alichokisema wakati huo huo Verna alipokisikia. Upepo ulipita katikati yao.

"Weka chupa chini," alisema Verna. "Na kamba. Piga magoti, mikono kichwani. Unakamatwa kwa kuvunja amri ya mahakama, Curtis, na kwa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi."

Hakupiga magoti. Aligeuza kichwa kuelekea juu ya mteremko na kuita, safari hii bila kutaja mbwa, kwa sauti ambayo Verna hakuwa ameisikia hata mara moja: "Joyce! Nimeshafika hapa! Unafikiri nitachoka?"

Thurman alitokea nyuma yake na kumwangusha kifudifudi kwenye changarawe. Pingu zilifungwa. Alipoinuliwa, shati lake lilikuwa jekundu kwa vumbi, naye akasema samahani, akamwomba Thurman asimkaze sana.

"Mteremshe," Verna alimwambia Thurman. "Moja kwa moja mpaka mjini. Usisimame popote."

Alisubiri mpaka gari lilipopotea. Ndipo akapanda.

Hema lilikuwa kwenye kikorongo nyuma ya mireteni, la rangi ya majani makavu. Joyce Pickard alikuwa amekaa nje yake juu ya jiwe, mwanamke mwembamba mwenye nywele za kijivu zilizokatwa kama za mvulana. Alikuwa amemkumbatia mbwa wa kahawia, mkono mmoja umeshika mdomo wake asibweke. Aliendelea kuushika hata alipomwona Verna na nyota ya sherifu kifuani.

"Amekwenda," alisema Verna. "Ana pingu."

"Kwa muda gani?"

Verna alifikiri jibu la kumtuliza, akaona halipo. "Usiku huu yuko ndani. Kesho atasimama mbele ya hakimu. Baada ya hapo sijui. Nitasema kila ninachokijua."

"Angalau wewe husemi uongo." Aliuachia mdomo wa mbwa. "Nilimsikia akipiga mluzi. Moses aliitikia kwa mkia, mjinga huyu. Anampenda kila anayemwita."

"Mimi ndiye niliyemleta. Sikujua, lakini nilimleta."

Joyce hakusema haidhuru, wala hakulaumu. Aliinuka akaanza kuling'oa hema, na Verna akamsaidia kuvuta vigingi haraka, kwa sababu moshi ulikuwa umekaribia na jua lilikuwa limeshabadilika rangi.

Chini langoni, basi la samawati lilikuwa limewafuata, linasubiri, injini inawaka. Lamar alikuwa anamgombeza Tansy kwa jinsi alivyoliegesha, Tansy anamwambia yeye kaendesha malori miaka arobaini akaishia kwenye trela la tairi bapa. Walinyamaza walipomwona Joyce. Lamar alimpokea hema, akampiga begani mara moja, akageuka kando kujifuta uso.

"Van mwachie Lamar," Joyce alimwambia Verna. "Imeshajulikana. Naenda na Tansy."

"Mnaelekea wapi?"

Joyce alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Alitulia pale, akamtazama, na Verna akatambua alichouliza.

"Usinijibu," alisema.

Basi lilishuka, likaingia kwenye msururu wa magari yaliyokuwa yakitoka msituni, mahema juu ya paa, magodoro, kuku kwenye kizimba, watu ambao usiku ule wangelala mahali pasipo na jina. Kwenye kona ya mti uliopigwa na radi Verna hakuweza tena kulitofautisha na mengine.

Redio ilikwaruza. "Verna?" Estelle aliuliza. "Thurman kapita na mtu wake. Mwanamke je? Umempata?"

"Nimempata. Mzima."

"Afadhali! Nafunga faili. Umempata mahali gani hasa, niandike?"

Verna alikaa na kipaza sauti cha redio mkononi, vumbi la mwisho likishuka mbele ya kioo.

"Andika msituni."

"Verna, msitu una ekari milioni moja."

"Ndiyo," alisema. "Andika hivyo hivyo." Akawasha gari.